Mashine ya kukata majani ya bei ndogo: namna ya kuchagua kwa mashamba ya Masisi na Walikale

Shamba likilala misimu miwili bila jembe, majani yanapita kichwa cha mtu. Njo hali ambayo familia nyingi za Masisi na Walikale zilikuta ziliporudi nyumbani. Mapigano yalifika Kitshanga Januari 2023, Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi 2025. Kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zilivunjwa Februari 2025, na watu wengi wakapanda tena vilima wakiwa na mupanga mmoja kwa nyumba nzima, ao bila hata huo.

Kwa hali hiyo, watu wanajiuliza ku soko na ndani ya vikundi vya akiba: je, inafaa kuchanga franga na kununua mashine ya kukata majani, ile ya esansi yenye kubebwa begani? Na kama inafaa, ni ipi? Swali linakuwa gumu zaidi mbele ya ile mashine ambayo wauzaji wanasifu kuwa ni kazi ine ndani ya moja: inafyeka, inakata matawi, inapunguza uzio, na hata kuchimba udongo.

Jibu fupi ni hili. Kwa mkulima mmoja mwenye shamba dogo, mara nyingi mupanga na mikono ya watu vinabaki bei nafuu kuliko mashine. Kwa kikundi chenye mashamba mengi, mashine moja ya kawaida, yenye vipuri karibu, inaweza kuokoa msimu. Wingi wa vichwa si sababu ya kulipa zaidi. Jibu refu linafuata.

KWANZA KAZI, KISHA MASHINE

Masisi na Walikale ni territwari jirani, lakini shamba la moja halifanani na la ingine.

Masisi ni vilima na baridi. Watu wanalima maharagi, viazi, mahindi na mtama, na wengine wanafuga ngombe kwenye malisho makubwa. Majani ya malisho ni laini, lakini mlima umeinama na mawe ni mengi. Kazi kubwa huko ni kusafisha malisho, kando ya njia na kandokando ya uzio.

Walikale ni pori na mvua. Huko kuna muhogo, ndizi, mpunga, karanga na michikichi. Shamba likiachwa, hayaoti majani tu. Miti midogo inaota pia, pamoja na kamba za porini zenye kujizungusha kwa kila kitu. Kazi kubwa ni kufyeka vichaka vyenye shina ngumu.

Mashine yenye kufaa kwa malisho ya Mushaki inaweza kusumbua kabisa kwa kichaka cha Mubi ao Hombo. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu kwa karatasi: unakata kitu gani, kinene namna gani, na siku ngapi kwa mwaka. Jambo la tatu njo watu wengi wanasahau, na njo lenye kuamua zaidi.

Tena mashine inakata, haingoi. Majani yenye mizizi mirefu chini ya udongo yatarudi kisha wiki chache. Kisha mashine kupita, jembe bado linahitajika. Mwenye kufikiri kwamba mashine itachukua nafasi ya jembe atavunjika moyo.

NDANI YA HIYO MASHINE KUNA NINI

Mashine yenyewe ni motere ndogo ya esansi, bomba refu lenye chuma cha kuzunguka ndani, kichwa cha giya, na kisu ao uzi wa nailoni mbele. Yote pamoja inapima kilo 7 hadi 10 hivi. Mtu anaibeba kwa mshipi begani. Kuna aina ingine ambayo motere inabebwa mgongoni kama begi, na bomba linaloinama linakuja mbele. Hiyo ya mgongoni inasaidia kwenye mteremko kwa sababu uzito unakaa sawa, lakini bomba lenye kuinama lina kamba ya chuma ndani yenye kukatika upesi kuliko chuma kilichonyooka.

Motere nyingi za bei ndogo zinatoka China na zina ukubwa wa namna mbili: 43 cc na 52 cc. Namba hiyo ni nafasi ya ndani ya silinda. Kwa kawaida, silinda ya 52 cc ina upana wa milimita 44, ile ya 43 cc ina milimita 40, na pistoni ya zote mbili inasafiri milimita 34. Fundi mwenye rula anaweza kuhakikisha akifungua. Ni vizuri kujua hilo, maana kuna karatasi zilizobandikwa 62 ao 68 juu ya motere ambayo ndani yake ni ile ile ya 52.

Vile vile kwa nguvu. Motere ya 52 cc ya aina hii inatoa kilowati moja na nusu hivi, yaani nguvu za farasi mbili. Kartoni ikiandika farasi tano ao sita, hiyo ni maneno ya biashara.

Kwa malisho na majani laini, 43 cc inatosha, inakunywa kidogo na haichoshi mikono sana. Kwa vichaka vya Walikale, 52 cc inafaa zaidi.

MLIMA UNAKULA NGUVU

Motere inahitaji hewa. Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi, na motere ya namna hii inapoteza sehemu moja hivi juu ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Vilima vingi vya Masisi vinapita mita 1,800. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000. Mashine moja, siku mbili, nguvu mbili tofauti.

Kuna jambo lingine lenye kuharibu zaidi. Juu mlimani, karabirateri inapeleka esansi nyingi kuliko hewa. Moshi unakuwa mweusi, buji inalowana na kufanya masizi, motere inakohoa. Fundi anafunga kidogo bisi ya kurekebisha, kwa zile zenye kuwa nayo, na motere inatulia. Vizuri. Lakini mashine hiyo hiyo ikikodishwa na kushuka upande wa Walikale bila kurekebishwa, mambo yanageuka: esansi inakuwa kidogo kuliko hewa, motere inapata moto kupita kiasi, na pistoni inaweza kuungua. Mwenye kushuka ao kupanda na mashine apite kwanza kwa fundi.

VICHWA: KIPI NI CHA KWELI

Kisu cha chuma chenye meno matatu. Hiki njo kichwa cha kazi kwa huku kwetu. Kinakata majani marefu, matete, mabingobingo na shina changa. Kinanolewa na tupa, hata kijijini. Ukinunua mashine moja na kisu kimoja, kiwe hiki.

Kisu cha mviringo chenye meno mengi. Kinafaa kwa shina ngumu za unene wa kidole gumba ao zaidi kidogo. Kikigonga jiwe, meno yanaruka, na kunoa si rahisi. Walikale kinasaidia. Masisi, kwenye mawe, ni hasara.

Uzi wa nailoni. Unafaa kandokando ya nyumba, shule, kituo cha afya, na pale penye mawe, kwa sababu haurudishi mkono kwa nguvu ukigonga. Lakini unaisha. Kama ku soko la karibu hakuna uzi wa kuuza, kichwa hiki kitalala. Usiweke kamba ya chuma mahali pa uzi: kipande kikikatika kinaruka kama risasi.

Kichwa cha kukata matawi. Ni msumeno mdogo wa mnyororo kwenye mti mrefu. Unakata matawi ya unene wa mkono. Mnyororo unahitaji oili yake na kunolewa kwa ufundi. Kwa kahawa, makasi ya mkono yanakata vizuri zaidi bila kupasua tawi. Na mtu asijidanganye kwamba kichwa hiki kinampa haki ya kupasua mbao: sheria ya misitu ya 2002 inataka ruhusa kwa mwenye kukata miti ya biashara.

Kichwa cha kupunguza uzio. Kwa hoteli ao paroisi yenye uzio wa maua, sawa. Kwa mkulima wa Nyabiondo ao Pinga, mupanga unatosha.

Kichwa cha kuchimba udongo. Hapa njo watu wengi wanapoteza. Kinafaa kwa kitalu laini cha shu, vitunguu ao lengalenga, chenye kulimwa kila mara. Udongo mugumu, uliojaa mizizi, unakishinda, na giya zinavunjika. Tena kwenye mteremko wa Masisi, kulainisha udongo kutoka juu kwenda chini ni kuuitia maji ya mvua aubebe.

Basi hesabu iko wazi. Ndani ya vichwa vine ao vitano, mkulima wa Masisi na Walikale atatumia kimoja kila siku, cha pili mara moja moja, na vingine vitaning'inia ukutani. Tena mashine ya vichwa vingi ina kiungo katikati ya bomba ili kubadilisha. Kiungo hicho kinalegea, na kikilegea bomba linatetemeka hadi chuma cha ndani kinakatika. Bomba moja lisilokatwa katikati ni gumu zaidi, na bei yake iko chini.

ESANSI AO BATRI?

Siku hizi kuna mashine za batri pia. Hazina moshi, hazipigi kelele, hazihitaji kuchanganya esansi. Kwa majani laini ya kandokando ya nyumba zinafanya kazi. Shida ni mbili.

Ya kwanza ni nguvu. Batri ya volti 20 na ampea-saa 4 inabeba wati-saa 80 tu. Motere yenye kula wati 400 itaimaliza kwa dakika 12. Ya pili ni kuchaji. Vijiji vingi vya Masisi na Walikale havina waya wa umeme, na paneli ndogo ya jua yenye kuchaji telefone itachukua siku nzima kwa batri moja, kama mvua haikunyesha. Kwa shamba, leo, esansi bado inashinda. Mwenye paneli kubwa na batri tatu za kubadilisha anaweza kufikiri tofauti.

Kati ya motere za esansi kuna pia zile zenye kunywa esansi safi, na oili inakaa mahali pake kama kwenye moto. Zinakunywa kidogo na hazina moshi mwingi, lakini bei yake iko juu, zina vipande vingi zaidi, na oili yake inataka kubadilishwa kwa saa zake. Kwa kikundi chenye fundi mzuri, ni chaguo la kufikiria.

BEI YA KWELI HAIANDIKWI KU KARTONI

Watu wanauliza bei ya mashine. Wanasahau bei ya siku moja ya kazi. Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundisha tu. Kila mtu aweke bei ya soko lake.

Tuseme mashine imenunuliwa dola 150, na itafanya kazi siku 100 kabla ya kuchoka. Hiyo ni dola 1 na nusu kwa siku. Motere ya 52 cc ikikata kwa nguvu inakunywa litri moja hivi kwa saa. Siku ya saa 5 ni litri 5. Tukiweka esansi dola 2 kwa litri, ni dola 10. Oili ya kuchanganya, tuseme dola 1. Mwenye kuendesha mashine, dola 5. Akiba ya kisu, buji na vipuri vingine, dola 1. Jumla ni dola 18 na nusu kwa siku.

Sasa upande wa mupanga. Kama mfanyakazi analipwa dola 3 kwa siku, zile dola 18 na nusu zinalipa watu 6. Maana yake: mashine inafaa kama kwa siku moja inapita kazi ya watu 6. Kwenye malisho makubwa ya majani laini inaweza kupita. Kwenye shamba dogo lenye mawe, visiki na mteremko, haiwezi. Na mahali ambapo esansi inafika kwa moto, kisha njia mbaya na vizuizi vingi, bei ya litri inapanda, na mupanga unashinda mapema zaidi.

Njia rahisi ya kujua ni kupima. Kodi ao omba mashine kwa nusu siku. Pima kipande cha mita 20 kwa mita 20 na kingine cha ukubwa huo huo, chenye majani sawa. Kimoja mashine, kingine watu wenye mipanga. Andika saa na litri. Karatasi hiyo itasema ukweli kuliko muuzaji.

Lakini kuna jambo ambalo dola haisemi: msimu. Mvua ya msimu A inaanza Septemba, ya msimu B inakuja Februari ao Machi. Familia iliyorudi wiki tatu kabla ya mvua haina watu 6 wa kulipa, na majirani wote wako na haraka ile ile. Hapo mashine ya ghali kwa siku inaweza kuwa ya bei nafuu kwa mwaka, kwa sababu inaamua kama maharagi yatapandwa ao hayatapandwa.

MBELE YA MUUZAJI

Goma, kule Birere, na ku masoko makubwa mengine, mashine hizi zinauzwa kwa rangi nyingi na majina mengi. Kuna pia nakala zenye kuandikwa jina la kampuni kubwa kama Stihl ao Husqvarna, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kweli. Jina lisikubabaishe. Angalia haya:

Moja, vipuri. Kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza bei ya karabirateri yake, kamba ya kuwashia, ambreyaji na kichwa cha giya. Muuzaji asiye na hivyo vipande anakuuzia mashine ya msimu mmoja. Faida ya ile 43 na 52 cc ya kawaida ni kwamba pyesi zake zinafanana kwa majina mengi.

Mbili, kamba. Vuta polepole. Unapaswa kusikia motere inakataa, kisha inaachia. Kama inakwenda laini bila kukataa, haina nguvu ndani.

Tatu, bomba. Shika katikati na tikisa. Lisicheze. Hesabu pia meno ya chuma cha ndani: kuna ya 7 na ya 9, na kichwa cha 9 hakiingii kwa 7.

Ine, kikingio cha kisu na mshipi. Mashine isiyo na kikingio isinunuliwe. Mshipi wa mabega mawili ni bora kuliko wa bega moja.

Tano, kuwasha. Iwashwe mbele yako, ikae dakika 10, ikizimwa iwashwe tena ikiwa na moto. Mashine nyingi mbaya zinawaka vizuri zikiwa baridi na kukataa zikiwa na moto.

Sita, karatasi. Omba fakitire yenye tarehe, jina la mashine na namba ya motere. Hata kama garanti ni ya wiki moja tu, iandikwe. Karatasi hiyo itasaidia pia njiani, mtu akiulizwa mashine ni ya nani.

ESANSI YA KADAFI NA OILI YA 2T

Mashine nyingi hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa esansi. Kosa la kwanza linatoka kwa mazoea ya moto. Moto nyingi za huku zinaweka esansi safi kwenye tanki, oili iko chini mahali pake. Mashine ndogo ya majani haina mahali pa oili. Oili yake inasafiri ndani ya esansi. Mtu akiweka esansi safi, motere itaimba vizuri kwa dakika chache kisha itafunga kabisa.

Oili inayotakiwa ina alama 2T ku chupa. Oili ya moto haifai: inaacha masizi na kuziba njia ya moshi. Kipimo kinaandikwa kwenye kitabu ao kwenye kifuniko cha tanki. Mashine nyingi za bei ndogo zinataka 1 kwa 25, yaani mililita 40 za oili kwa litri moja ya esansi, ao mililita 200 kwa bidon ya litri 5. Zingine zinaandika 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa litri. Bomba la sindano la mililita 20, lisilo na shindano, njo kipimo kizuri na cha bei ndogo. Changanya ndani ya bidon, tikisa, kisha mimina. Usichanganye ndani ya tanki.

Esansi ya Kadafi inaweza kuwa na maji ao uchafu. Imimine ndani ya chupa nyeupe yenye kuonyesha, iache itulie. Maji yanakaa chini. Mimina ya juu tu, ukichuja na kitambaa safi. Na usiache mchanganyiko ndani ya tanki kwa mwezi mzima: mimina, kisha washa hadi motere izime yenyewe.

Kila siku, safisha filtri ya hewa. Kila saa 10 hivi za kazi, fungua buji na uangalie rangi: ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye kulowana inaonyesha esansi ao oili nyingi, nyeupe inaonyesha moto mwingi. Weka grisi kwenye kichwa cha giya kupitia kale ka bisi ka pembeni. Usilazimishe buji ya moto ndani ya mashine hii, urefu wake si ule ule.

KISU HAKIONI

Kisu kinazunguka mara maelfu kwa dakika. Jiwe dogo likigongwa linaweza kutoboa jicho la mtu wa mbali. Mwenye mashine avae miwani ya kukinga, suruali ndefu na boti. Watu wote wakae mita 15 ao zaidi, watoto kwanza. Kabla ya kuweka esansi, zima motere na uache ipoe. Kwenye mteremko, tembea ukikata kwa upande, usikate ukishuka. Majani yakiziba kisu, zima kwanza, kisha toa.

Lakini kwa Masisi na Walikale kuna hatari kubwa kuliko mawe. Mahali mapigano yalipita, roketi, gurneti na risasi ambazo hazikulipuka zinaweza kubaki ndani ya majani. Mwenye mupanga anaenda polepole na anaona mbele yake. Mwenye mashine anaenda haraka, kelele inafunika masikio, na kisu kinafika kabla ya jicho. Kwa hiyo shamba lililokuwa karibu na mahandaki, kambi ya jeshi ao kilima cha mapigano lisianzwe kwa mashine. Uliza kwanza waliobaki kijijini na chifu wa kijiji: wapi walilala wapiganaji, wapi kulilipuka, wapi ngombe ilikufa.

Mtu akiona chuma asichokijua, asiguse, asirushe jiwe, asiwashe moto kusafisha. Azime mashine, arudi kwa nyayo zake mwenyewe, aweke alama kutoka mbali kwa fimbo ao kitambaa, aambie chifu. Kitengo cha Umoja wa Mataifa chenye kushugulikia mabomu, UNMAS, na wenzake wa kazi hiyo wamefanya kazi Kivu ya Kaskazini, na viongozi wa eneo njo wa kuwapelekea habari. Msimu uliopotea unarudi. Mguu haurudi.

KAMA NI YA KIKUNDI

Mashine ya wote, bila sheria, inakuwa mashine ya hakuna mtu. Vikundi vya likelemba na vya akiba vyenye kufikiri kununua viandike mambo machache kabla ya kulipa.

Mwenye kuendesha awe mmoja ao wawili, waliofundishwa. Mashine isipite mkono kwa mkono. Kuwe na daftari la saa: tarehe, shamba la nani, saa ngapi, litri ngapi. Kila mwenye kutumia alete esansi yake, lakini kuchanganya kufanywe na mwendeshaji peke yake. Kila siku ya kazi iache kitu kidogo ndani ya sanduku la vipuri. Zamu ipangwe kwa kura mbele ya msimu, wajane na wenye kurudi karibuni wasiachwe mwisho. Na ijulikane mashine inalala wapi, na nani anaibeba kama watu wanalazimika kukimbia. Mashine ya bomba moja inafunguliwa vipande viwili kwa bisi chache: motere inabebwa ndani ya begi, bomba linabaki ao linafichwa.

KWA KIFUPI

Shamba dogo, lenye mawe, siku chache kwa mwaka: nunua mipanga miwili mizuri, tupa ya kunoa, na ulipe watu.

Malisho ya Masisi: 43 cc, bomba lililonyooka, kisu cha meno matatu, mshipi wa mabega mawili, karabirateri irekebishwe kwa mlima.

Vichaka vya Walikale: 52 cc, kisu cha meno matatu pamoja na kile cha mviringo, na akiba ya buji, kamba ya kuwashia na oili ya 2T kabla ya kuondoka mjini.

Kikundi: mashine moja rahisi na sanduku la vipuri ni bora kuliko mashine ya vichwa vitano bila kipuri hata kimoja.

Na kwa wote: kabla kisu hakijazunguka, tembea shamba lote kwanza na macho, ukiwa na mtu aliyebaki pale siku za mapigano.